Pingili ya Nne

Mwanza mawe yanakaa juu ya mawe
bila saruji, bila fundi,
na hakuna aliyewahi kuyauliza yanaumwa wapi.
Mimi niliyapasua miaka kumi na tisa, kule Mabatini:
nyundo ya ratili nne, turubai la kuzuia jua,
ndoo ya kokoto mia tano,
siku za mvua mia tatu.

Kisha asubuhi moja niliinama kuokota kipande
kisichozidi yai la kanga
na sikuinuka.

Holo, jirani yangu wa turubai,
akadhani natafuta hela iliyodondoka.
"Ukiipata, nusu yangu."
Nilicheka nikiwa vilevile, uso kwenye vumbi,
na kicheko nacho kikaniuma.

Tangu hapo nimekandwa kwa maji ya chumvi,
nimepigwa chuku Igoma,
nimelalia mbao, nimelalia sakafu,
nimemeza vidonge vyeupe hadi tumbo likasusa.
Wifi yangu alisema ni mkono wa mtu.
Nikamwambia ni kweli, ni mkono wangu mwenyewe,
huu wa kulia, wenye nyundo.

Leo nimelala kifudifudi kwenye kitanda chembamba,
mto chini ya tumbo, kanga imekunjwa kiunoni.
Daktari Byabato ana sauti ya mtu anayebembeleza kufuli.
Ananielekeza kwenye kioo:
"Huu ndio uti wako, mama."
Natazama.
Loo! Ni mlima wetu.
Jiwe juu ya jiwe juu ya jiwe,
na kati ya la nne na la tano
ufa mwembamba, giza kidogo,
palepale ambapo mimi ningeweka tindo.

"Utasikia mchomo, halafu uzito. Usijitikise."
Ananiambia mimi, ninayejua
kwamba jiwe hupasuka vizuri likitulizwa kwanza.

Ganzi inatangulia, kali kama nyuki.
Kisha ile ndefu. Inapita nyama,
inapapasa kama anayetafuta tundu la ufunguo gizani,
inagusa mfupa (mfupa una mlio wake,
hata usiposikika),
inateleza pembeni, inaingia kwenye kiungo.
Tone. Tone.
Maumivu yananyanyuka yote kwa pamoja,
yanashuka hadi pajani, yanasimama mlangoni,
yanaaga kwa jeuri.

"Huu siyo mgongo mpya," anasema akivua glavu.
"Miezi mitatu, pengine sita. Wengine hawapati hata wiki.
Tumekukopesha muda. Utumie kufanya mazoezi, misuli ipate nguvu."
Mkopo naujua, nimekaa vikoba miaka.
Nauliza riba.
Anacheka, kisha hacheki.
"Usirudi kwenye nyundo."

Siku mbili uliuma kuliko zamani.
Nikamlaani Mhaya wa watu na senene zake.
Ya tatu, alfajiri, nilijikuta nimeinama,
nafunga gidamu ya kiatu cha mjukuu.
Binti yangu Mbuke akaacha kukoroga uji,
hakusema neno,
kama mtu aliyeona ndege ametua dirishani.

Usiku huo sikulala.
Mwili ulikuwa mkubwa mno,
chumba alichohama mpangaji mkorofi
akaacha msumari ukutani.
Nikasikia vitu: panya kwenye dari,
mtoto wa jirani akikohoa,
honi ya meli inayotoka Ukerewe.
Kumbe husikika hadi huku.

Kulipokucha nikapita kwa Holo.
Nyundo yangu ipo, ameifunika gunia.
"Umepona?"
"Nimekopeshwa."
Nikakaa pembeni, nikimhesabia ndoo.
Kila alipoinama
niliusikia mgongo wake.