Kuoza

Shengejuu, saa kumi na mbili na robo. Umande haujaachia majani.
Vibarua wote wako karafuuni;
tumebaki mimi, Shaame, na mistari arubaini ya kunde,
kila mmoja na kibati chake cha nambari,
maana hapa halisomwi jina. Husomwa jani.

Baina ya mistari tumepanda mgonjwa,
kunde laini isiyomkataa mgeni,
ipate kutu mapema, iwagawie jirani.
Ndiyo kazi niliyosomea:
kuyakaribisha maradhi shambani,
kisha kungoja nione nani atayafungulia mlango.

Nageuza jani. Nafuta mgongo wake kwa kitambaa cheupe.
Kikibaki cheupe, moja.
Kikishika vumbi, tano.
Kikiwa kama kimefuta mnyororo wa baiskeli ya Shaame, tisa.
"Kumi na nne?"
"Saba."
"Kumi na tano?"
"Tatu. Lakini usikaze wino."

Mstari wa thelathini na moja nauruka.
Narudi. Nauruka tena.
Mbegu yake ilikaa ndani ya majivu, katika kopo la maziwa,
uvunguni mwa kitanda cha Bi Chumu,
akanihesabia punje sitini
kama anayehesabu fedha za amana.
"Hizi," alisema, "huiva kabla nazi haijesha kukunwa."

Nageuza jani. Sihitaji kitambaa.
"Tisa."
Shaame ananitazama.
"Tisa, andika."

Na ishirini na saba, iliyovuka kutoka bara,
safi kama sahani ya Idi.
Juzi tuliipika. Tulimaliza mzigo wa kuni
na bado ilikuwa inagonga sufuria.

Alasiri nikaenda kumwambia. Alikuwa akipepeta mchele,
hakuinua uso.
"Zimekufa?"
"Hazijafa. Zinaumwa. Mwakani tutazipanda katikati,
ziwaambukize wenzao."
"Kumbe nilikupa wachawi!" Akacheka peke yake.
"Na nyengine tutazioza, bibi. Na ile ngumu ya bara."

Ungo ukasimama.
"Si umesema zimeshaoza? Waziozaje tena?"
"Kwa ndoa."

Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani.
"Mume nani?"
Nikajaribu kueleza: koleo dogo, alfajiri,
ua kufunuliwa kabla halijajifunua lenyewe,
vumbi la huyu kupakwa kwa yule.
Nikajikuta naangalia sakafu.
"Huyo wa bara," nikasema.
"Na watoto watafata nani?"
"Ndiyo hatujui. Tutapanda mia mbili, tuangalie.
Labda wanne, labda mmoja, labda hapana."
"Mia mbili kwa mmoja." Akapepeta mara tatu, nne.
"Basi mwambieni huku kwetu
bwana harusi ndiye anayehamia."

Nilipoaga akanishika mkono, akaugeuza
kama nilivyokuwa nikigeuza majani.
Ncha za vidole zilikuwa nyekundu, na kucha,
na mikunjo yote ya kiganja.
"Kanawe kwanza," akasema.
"Utapita njiani, watu wadhani ni wewe unayeolewa."