Majamvi Ukutani

Saa tisa alasiri, ukumbi wa Jadida, Wete.
Bati juu, saruji chini, kuta kavu kama kaango.
Napiga kofi moja, linarudi mara nne.
"Faki," nasema, "chumba hiki kina umbea,
ukikinong'oneza neno hakilali nalo."

Faki keshazipanga spika nyuma ya waimbaji,
mbili, ndefu kama milango, zinawatazama migongo,
kwa sababu zilitoka vizuri pichani
harusi ile ya Mtemani.
Zitoe. Zilete mbele, pembeni,
hatua tatu kuipita maiki, uso kwa watu.
Spika na maiki ni kama mawifi:
zikitazamana tu, pana kelele.

Anayepiga mluzi si shetani, Faki,
wala si umeme wa Pemba, japo nao una dhambi zake.
Ni sauti ya mtu imetoka kwenye spika,
ikaingia tena kwenye maiki, ikatoka imenona,
ikaingia tena, ikatoka imevimba,
mpaka neno lenyewe limesahaulika
imebaki filimbi ya kutoboa masikio.
Mimi na Shaame tulikuwa hivyo mwaka wa mwisho.
Alianza kwa kuuliza chumvi.

Sandukuni nina maiki tatu.
Ile nyembamba iliyotoka Dubai inasikia kila kitu,
hata mate yakimezwa safu ya tatu.
Studio ni malkia; hapa itatuumbua.
Nairudisha kitambaani mwake.
Ya pili wameidondosha washereheshaji wengi,
ina bonde shavuni,
lakini husikia mbele tu, mgongoni kiziwi.
Hiyo ya Bi Zuwena. Monita yake naiweka chini,
huko huko kwenye uziwi.
Ya tatu naibana kwenye ganuni kwa mpira wa baskeli,
karibu na nyuzi, karibu zaidi.
Aliye karibu hana haja ya kupayuka.

Kisha mluzi tunauita wenyewe, kabla hawajaja watu.
Napandisha sauti polepole
mpaka chumba kianze kuguna.
Nasikiliza panapouma. Uuuu. Hapo.
Nashusha kitufe kimoja, upana wa ukucha.
Napandisha tena: wa pili, mwembamba,
kama nzi ndani ya chupa. Nao naukata.
Wa tatu haukatiki. Unatoka ukuta wa nyuma.

Ng'ambo ya barabara Bi Mize anazoa karafuu zake,
jua limeanza kulegea.
"Majamvi ya nini tena, mwanangu?"
"Ya kuuziba ukuta mdomo."
Anacheka mpaka kanga inamvuka begani.
Anatupa manane, na sharti:
kesho jua lisiyatangulie.

Misumari, kamba za usumba, Faki juu ya meza.
Napiga kofi.
Linarudi moja, tena kwa haya.

Usiku Bi Zuwena anapanda jukwaani,
anakishika kichwa cha maiki kwa kiganja chenye hina
kama anayepima danzi sokoni.
Namwonyesha: shusha mkono. Anashusha.
Koo limemkauka, wanawake wanadai, "Ongeza! Ongeza!"
Siongezi. Nagusa midomo yangu kwa kidole: sogea.
Anasogea mpaka pumzi yake naisikia mimi huku nyuma:

   Neno lenda halirudi, ukilitoa si lako,
   hata ufanye juhudi, lina nyumba si ya kwako.

Wanakuja kutuza, noti zikipepea.
Mmoja anaipita jukwaa, anakuja kwenye mikisa.
Dada yake Shaame.
Tunatazamana.
Kidole changu kipo kitufeni.
Anaweka elfu mbili juu ya nyaya, anaondoka.
Sikupandisha kitu. Wala sikushusha.

Asubuhi Bi Mize anayanusa majamvi, moja moja.
"Udi," anasema. "Na jasho.
Mwaka huu karafuu zangu
watazipima na harusi ndani."