Tone la Rangi Nyeusi

Miaka ishirini na miwili nimechanganya rangi
dukani Mtaa wa Swahili, Kariakoo,
kwa hiyo usiniambie mchanganyiko ni aibu.
Hakuna mteja aliyetoka kwangu na rangi iliyozaliwa peke yake.
Hata nyeupe ya ukuta wa kanisa
niliitilia tone moja la nyeusi
ili iwe nyeupe. Hutaki, kapake uone.

Basi mwisho wa mwezi, Tabata Kimanga,
kwa Mama Nsiande, nyuma ya wavu wa nondo,
juu ya viberiti na sabuni za magadi,
nanunua wiski ya Uskochi, ile ya bei ya chini.
Lebo ina kondoo dume mwenye macho ya mdai.
"Kubwa au ndogo?" anauliza, na anajua.
Ndogo. Kubwa ni ya wasio na ada za shule.

Nikifungua, kwanza inanuka karakana:
thina, vumbi la mbao, kamba mpya.
Tulia. Iache ipumue, nawe pumua.
Halafu inakuja sukari guru iliyoungulia sufuriani,
ganda la chungwa lililosahauliwa mfukoni,
na mbali, mbali kabisa, moshi,
si wa nyama, si wa mkaa wa jirani,
moshi wa shati la mtu aliyeaga jikoni kwa mama yake
akapanda basi la alfajiri.
Ulimi unashtuka, kama betri uliyoilamba utotoni.
Kooni inapita na msasa namba themanini.
Mkia wake mfupi:
ukigeuka kumjibu mtu, umekwisha.
Barafu siweki. Ya hapa ina klorini,
utadhani unakunywa bwawa la hoteli.

Shemeji yangu Fulko alikuja likizo
na chupa ya kimea kimoja, miaka kumi na minane,
ndani ya kasha lenye kitambaa, kama la kalisi.
"Shem, onja kitu safi. Hiyo yako ni masalia ya mapipa."
Akanifunga macho kwa kanga ya Edeltruda,
ingawa umeme ulikuwa umeshakatika.
Vikombe viwili vya kahawa.

Nilijua. Sitadanganya: yake ilikuwa bora.
Ilikaa mdomoni Baba Yetu tatu nzima
na kila moja ikawa na amina yake.
Nikamwambia hivyo. Alifurahi kupita kiasi,
akalala kwenye sofa na viatu.

Ndipo mkono wangu, ule wa kazi, ukakumbuka.
Kizibo kimoja cha yake
ndani ya chupa yangu, taratibu, ukingoni mwa kioo.
Kisha nusu kizibo.
Nikageuza, sikutikisa; kitu kikitikiswa kinatoa povu.
Nikaonja gizani.
Moshi ulikuwa umesogea hatua moja mbele,
chungwa limepata nyama,
na yule mtu wa basi, sijui vipi,
alikuwa ameshuka.

Sikuandika kipimo. Mimi,
niliyepaka alama juu ya kila kopo na namba yake,
ili mteja akirudi na nusu ya ukuta
apate ileile.

Asubuhi Fulko aliinua chupa yake dirishani,
akapima kwa kidole,
akapima tena.
Edeltruda, chujio la chai mkononi,
alinitazama mimi.