Kobe Ndani ya Friji

Novemba, ukungu ukipanda kutoka mto Drava,
tunahamisha maziwa kwenye rafu ya chini,
tunahamisha haradali, na kabeji chachu ya Bibi Nevenka,
tunamweka Gumb.

Gumb, yaani kifungo: ndivyo alivyokuwa
siku tuliyompokea, kifungo cha koti kilichoota miguu.
Sasa ana gramu mia tano na kumi na mbili.
Jernej ameziandika daftarini, tarakimu zimeegemeana
kama watu waliosimama foleni tangu alfajiri.

Nyuzi tano. Zisizidi, zisipungue.
Sanduku, udongo, majani makavu,
na kila asubuhi kabla ya shule
mlango ufunguliwe, hewa iingie,
hesabu hadi ishirini, funga.

"Nimguse?"
Hapana.
"Nimwamshe kidogo tu, nimwambie theluji imeanguka?"
Hapana, mwanangu.
"Sasa mimi ni wa nini kwake?"

Nilikuwa nakata kitunguu. Sikuwa na jibu.
Yeye alitaka mbwa. Mbwa angemrukia mlangoni,
angemlamba masikio, angemtangaza kwa mkia.
Lakini ghorofa ya nne, na zamu zangu za usiku:
tukaleta kobe.
Kobe hamjui mtu. Au anamjua, hasemi.

Januari nilirudi kutoka wodini saa kumi na moja alfajiri,
nikakuta jikoni kuna mwanga wa friji,
mlango wazi, mtoto sakafuni ndani ya blanketi,
midomo ikihesabu.
Alikuwa amefika elfu mbili mia nne na kitu.
"Niliona ishirini hazimtoshi."
Kipimajoto: kumi na moja.
Ndani ya majani, mguu mmoja ulikuwa umeanza kutafuta njia.

Karipio lilinifika kooni nikalimeza.
Nikafunga mlango, nikaketi naye chini,
migongo yetu kwenye friji inayonguruma.
"Hewa nyingi ni mbaya?"
Ya leo, ndiyo.
Alilia bila sauti, asimwamshe.

Tangu hapo, nikilala mchana baada ya zamu,
nasikia kitasa cha chumba changu kikizungushwa,
mlango unafunguka upana wa kiganja,
mtu ananong'ona, kumi na nane, kumi na tisa,
unafungwa.
Sijawahi kumwambia kwamba huwa macho.

Machi tulimtoa. Gramu nne zimepungua, zimeandikwa.
Beseni la maji vuguvugu. Jicho moja kwanza,
kisha la pili, kisha shingo ndefu yenye mikunjo,
akanywa, akanywa, tukadhani hataacha.
Jernej alilala kifudifudi kwenye zulia, mkono mbele,
na nyuma ya mkono jani la mchunga
alilolichuma mwenyewe ukingoni mwa mto.

Gumb alikuja. Akafika kwenye vidole,
akavitazama kama mtu atazamavyo ngazi,
akainua mguu.

"Hajanisalimia," Jernej alisema.
Akauondoa mkono, apite.