Mkalimani Kibandani

Jumapili, saa moja usiku, kibanda cha Wamimbi
nyuma ya soko la Mbale, shilingi elfu moja mlangoni.
Mabenchi ni mbao za majeneza yaliyokosa wateja,
husema mwenyewe, akicheka peke yake.
Vijei Tarumbeta kashika maiki kama shingo ya kuku.
Picha ni ya Wazungu wenye tai. Maneno ni yake.

Leo hakuna bunduki.
Vijana wa bodaboda walinung'unika mwanzoni:
"Sinema gani hii, watu wanasoma karatasi!"
Kisha wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine,
maana karani wa kike amebaki peke yake ofisini,
na faili linalotafutwa mji mzima
ndilo aliloliwekea kikombe cha chai.
Yeye hajui. Sisi tunajua.
Nikasikia benchi zima likiacha kutafuna njugu.

Kazi yangu ni hii hii ya Tarumbeta, ila sina maiki.
Miaka kumi na tisa mahakamani, mkalimani:
Kigisu kinaingia sikioni, Kiingereza kinatoka mdomoni,
na katikati pana ufa mwembamba kuliko unywele.
Humo jaji amesimamisha kalamu,
wakili anatafuna mdomo wake,
mshtakiwa kakamata chuma cha kizimba.
Shahidi keshasema. Ndugu waliokaa nyuma
wamekwisha kusikia, wameguna.
Sheria tu ndiyo bado haijui.
Sheria yangoja mimi nimeze mate.

Kwa hiyo msiniambie roho huruka
kwa ajili ya gari jeusi linalofuata nyuma.
Gari ni mapambo.
Roho huruka mlango unapofungwa polepole
na mtu mwenye adabu,
anapokuuliza habari za watoto, kwa majina,
nawe hukumbuki kumwambia kwamba unao.

Niliulizwa hivyo. Alhamisi, nyumbani kwangu.
Bwana mpole, viatu vinang'aa siku ya matope.
"Nambozo kaingia darasa la sita, sivyo? Hongera."
Hakuniomba nidanganye. Aliniomba neno moja:
Mama Khainza akisema *nilimwona*,
mimi niseme *nadhani nilimwona*.
Nadhani. Silabi tatu.
Na kiwanja cha wajane kinahama mwenyewe.
Akaacha bahasha dirishani
kama mtu aliyesahau mwavuli.
Sijaigusa.
Sijaitupa pia.

Skrini sasa iko mahakamani. Shahidi anaapa.
Wakili anauliza swali ambalo sinema nzima imelikwepa.
Shahidi anafungua kinywa,

umeme ukaenda.

Mbale yote, mpaka miamba ya Wanale, giza.
Nilingoja matusi, nilingoja watu wadai elfu zao.
Hakuna aliyesimama.
Katika giza, bila maiki, sauti ya Tarumbeta:
"Akasema..."
Ikakatika.
Filamu ni mpya, hata yeye hajaiona.
Watu sitini walimkodolea giza
mkalimani aliyebaki bila shahidi,
na kwa mara ya kwanza nikajua
ninavyoonekana nikiwa kazini.

"Sema, mzee!" kijana akapaza sauti.
"Alimwona au hakumwona?"

Alimuuliza Tarumbeta. Najua alimuuliza Tarumbeta.
Lakini niliyeinuka ni mimi,
nikakanyaga miguu ya watu, nikaomba radhi,
nikatoka.

Mvua ya rasharasha. Barabara ya kwetu ina mashimo
ninayoyajua kwa hesabu, usiku huu nimeyakosa mawili.
Kesho saa tatu Mama Khainza atapanda kizimbani
na kanga yake ya kanisani,
atasema neno lake, kisha atageuka kunitazama,
kama wanavyogeuka wote, kuona limefika.

Nyumbani Nambozo yu macho, anasoma kwa mshumaa.
Amesogeza vitu vya dirishani apate pa kuusimamisha.
"Baba," anasema, bila kuinua kichwa,
"mbona barua hii haina jina?"