Bei ya Kiti

Ghorofa ya tisa, Upper Hill. Bi. Mumbua
anasukuma karatasi kwa kidole kimoja:
elfu thelathini na mbili, kabla ya makato.
"Sisi hapa ni familia," anasema.
Familia ninayo tayari, nayo pia hainilipi.

Jana jikoni dada yangu Mideva alijifanya bosi,
mwiko mkononi, akanifunza kusema "sabini"
bila kuitanguliza "samahani".
Sabini. Sabini. Hadi sukuma ikaungua.

Sasa neno limenikwama kama mwiba wa samaki.
Nainamisha macho. Mguuni pa kiti nilichokalia
kibandiko hakijabanduliwa:
elfu arobaini na sita, mia tano.

Kiti hakina shahada.
Hakidaiwi kodi Umoja,
hakina mama anayengoja dawa za presha.
Wala hakuna aliyekiambia kivumilie
miezi sita kwanza, halafu tutaona.

"Sabini," nasema. Sauti ni nyembamba, ila imetoka.
Anatazama saa. "Tutakupigia."

Nasimama. Nyuma yangu mto wa kiti unapumua,
unarudi kimo chake.

Lifti imeharibika. Chini, mlinzi ananiuliza kama nimepata.
Bado, namwambia.
Lakini nimeitamka.