Cha Shaame

Kidonge chenyewe hakizidi kifungo cha shati la mtoto.
Shaame hukimeza kila asubuhi, baada ya boflo na chai,
si kabla: tumbo tupu, aliambiwa, hulipiza kisasi.
Ramadhani hukihamishia kwenye futari.
Akishakula muhogo wa nazi hunyoosha mkono
bila kunitazama, nami nakitia kiganjani.
Miaka miwili sasa, tangu alipoanguka juu ya jamvi,
mdomo umekwenda upande,
karafuu mbichi zimemganda shavuni.
Wakampeleka Unguja, kichwa kikapigwa picha,
wakauona mshipa ulioziba, ndipo wakamwandikia:
kimoja, kila siku.

Hapa Kipangani ukuta wangu na wa Bi Mize ni mmoja.
Akipiga chafya, namwombea rehema nikiwa jikoni kwangu.
Chumvi, kibiriti, ungo, kaa la moto,
hatujawahi kuhesabiana.
Basi siku ile aliposema, "Shoga, nami nionjeshe
hicho cha kulainisha damu, umri ndio huu,"
sikuona kitu. Nilimkatia kumi, na karatasi yake ya bati,
kama ninayemkatia mkate.
Vikisha, arudi.
Alirudi.

Sikumuuliza habari ya magoti.
Sikumuuliza vile vya rangi ya machungwa
anavyonunua dukani kwa Mbwana, viwili viwili,
ili aweze kusujudu.
Sikumuuliza kidonda cha tumbo
alichougua mwaka wa mvua kubwa,
ingawa uji wake wa siku zile niliupika mimi.

Mwezi wa pili akanivuta ushungi, uani:
"Nina jambo la aibu. Choo changu
cheusi, cheusi kama masizi, tena kinanata."
Nikasema ni matembele.
Tukangoja siku tatu. Siku tatu!
Ya nne alisimama afunge kanga, akajikuta chini,
viganja vyeupe kama unga wa muhogo.

Hospitali ya Wete, muuguzi Nasra akauliza:
"Nani kakuandikia?"
Bi Mize akatazama dari.
Mimi nikaanza, "Nguo ya kuazima..." nikanyamaza,
maana methali hiyo ukiimaliza mbele ya wanaume
utaona haya, na haya nilikuwa nayo ya kutosha.
Nasra aliimalizia kwa macho.
Chupa mbili za damu zikaingia.
Moja ya mjukuu wake, moja ya mtu tusiyemjua,
Mungu amlipe.

Usiku Shaame aliposikia, akalikamata kopo
akaelekea nalo chooni.
"Kama kinatoboa watu, basi."
Nikamshika mkono, ule unaotetemeka.
Hapo ndipo yaliponirudia maneno ya Nasra mlangoni,
niliyodhani ni karipio tu:
cha Shaame ni cha Shaame. Cha Mize hakikuandikwa.
Nikamwambia, wewe mshipa ulishaziba mara moja,
ukiacha kwa hofu hujui utaamka na upande upi.
Kaulize kwanza. Usijihukumu mwenyewe.
Akaenda. Wakampima, wakamuuliza tumbo,
wakamwambia aendelee, na siku akitaka kung'oa jino
aseme kabla hajafungua mdomo.
Na choo kikiwa cheusi, asisingizie mboga.

Bi Mize amepona, ila ngazi anazipanda kwa vituo.
Magoti anayakanda kwa mafuta,
kila sala anateta nayo kidogo.
Jana alisimama dirishani kuomba chumvi.
Macho yakapanda mpaka rafu ya juu, kwenye kopo,
yakashuka. Tukacheka, yeye kwanza.
Kwa furaha nikamjazia kikombe mpaka kikafurika.
"Na hii," akasema, "presha yangu umeiuliza?"
Nikapunguza nusu.